Zamu ya Usiku Katika Lynn Rival

Waandikao juu ya fasihi ya bahari katika Kiswahili wengi wao hudhani kuwa fasihi hiyo ni mali ya watu wa pwani peke yao, na ya kwamba mwanafunzi wa Oldeani, aliye zaidi ya kilomita 400 kutoka Tanga, huingia humo kama mgeni aishiaye barazani. Hata walimu wako wasemao kuwa masimulizi ya bahari yaachwe katika shule za bara. Rai hii naikataa, nami nitaipima kwa kisa ambacho hakikuandikwa kwa Kiswahili, lakini mwisho wake ulikusudiwa uwe kwetu.

Paul na Rachel Chandler, mume na mke Waingereza, waling'oa nanga Victoria, katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, tarehe 22 Oktoba 2009. Chombo chao, Lynn Rival, kilikuwa mashua ya matanga yenye urefu wa futi 38, nayo ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Walielekea Tanga. Kati ya bandari hizo mbili pana kama maili 1,000 za bahari, nayo mashua iendayo maili tano kwa saa huzimaliza kwa siku nane au tisa, usiku na mchana. Majira yalikuwa ya tangambili, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijashika, ambapo manahodha wa zamani hawakupenda kukata bahari kuu. Usiku wa kuamkia tarehe 23, yapata saa nane na nusu, maharamia wa Kisomali wakapanda chomboni. Mateka hao waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010, baada ya siku 388, na mwaka 2011 wakatoa kitabu kiitwacho Hostage: A Year at Gunpoint with Somali Gangsters.

Jina hilo ndilo la kwanza lipasalo kuhakikiwa. Latuambia kuwa waandishi walikuwa mateka, kwamba muda ulikuwa mwaka, kwamba bunduki zilielekezwa kwao, na kwamba waliozishika walikuwa majambazi wa Kisomali. Bahari haimo. Mashua haimo. Wala jina halionyeshi kuwa waandishi ni mume na mke. Sishangai, kwa kuwa wauza vitabu wajua biashara yao. Wala sitaki kuwatetea maharamia, ambao kwanza walidai dola milioni saba kwa watu wawili wasio matajiri. Lakini jina litoalo hukumu kabla ya ukurasa wa kwanza humnyang'anya msomaji kazi yake. Tena kuwatajia majambazi taifa lao ni kusahau kuwa miongoni mwa waliohangaika ili wawili hao wafunguliwe alikuwamo Msomali aliyekaa London, dereva wa teksi. Neno letu la haramia lamhukumu mtu kwa tendo alilolitenda, wala halimwulizi kabila. Katika jambo hili naona Kiswahili kina adabu zaidi.

Kiini cha kisa, kwa maoni yangu, ni zamu. Chombo cha watu wawili katika bahari kuu hakina njia nyingine: mmoja akishika usukani, mwenzake hulala, akiamka huyu, yule huenda kulala. Watu waonao mashua ile kwa mbali hudhani kuwa ni fungate. Kumbe wawili hao, waliofungiwa katika futi 38, waweza kuishi siku nane wakikutana macho kwa muda mfupi tu wa kupokezana, huyu akimwambia yule upepo umegeukia wapi na taa gani imeonekana. Usiku ule zamu ilikuwa ya mke. Mume mwenyewe, alipohojiwa kwa simu siku chache baadaye, alieleza kuwa hakuwa zamuni, alikuwa amelala, ndipo watu wenye bunduki wakaingia. Basi ushahidi wa mume waanza na usingizi! Aliyeona ni mke. Baadaye, huko Somalia, watekaji waliwatenga kwa muda mrefu, kila mmoja mahali pake. Hivyo safari moja ina mashahidi wawili ambao katika saa zilizo kuu hawakuona kitu kimoja, na kila simulizi yao sharti ipokezane kama zamu.

Mtu akitaka kujua tofauti, na alinganishe na Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji katika chombo cha Kikuwait. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, ni kizuri kuliko vingi vya aina yake, lakini jicho ni moja. Wanawake waliokuwamo chomboni walikuwa abiria waliofichwa tezini. Hatujui waliona nini. Katika Lynn Rival mwanamke yuko juu, gizani, usukani mkononi. Swali la nani nahodha halina jibu jepesi tena.

Na neno hilo nahodha latupeleka Oldeani. Chini ya mlima ule, ambao Wamasai waliuita kwa jina la mianzi yake, katikati ya kahawa, mtoto hulijua kwanza kwa mchezo wa mpira: nahodha ni yule atanguliaye kuingia uwanjani. Rubani, aliyekuwa mwongoza vyombo bandarini, kwake ni mrusha ndege. Shehena hupakiwa katika lori la mahindi. Mambo ya mtu yakiharibika, mzee wa Kiiraqw akizungumza Kiswahili husema yamekwenda mrama, naye labda hajapata kuona chombo kikilazwa huku na huku na mawimbi, maana maji makubwa aliyoyaona ni ya Eyasi, ya chumvi, yakaukayo wakati wa kiangazi. Bahari ilipanda mlima ndani ya lugha. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba maneno aliyo nayo tayari yana maji chini yake, na kisa cha Chandler kinafaa kuliko vingi kwa kazi hiyo: kina usukani, zamu, tangambili na maharamia, na watu wake si mashujaa.

Ningependa kuona mtu wetu akikisimulia upya kwa Kiswahili, akianzia pale lilipoishia jina la Kiingereza kuona. Asiisahau mashua yenyewe. Mabaharia wa Wave Knight, meli ya mafuta ya Uingereza, walishuhudia wawili hao wakihamishwa na kupandishwa Kota Wajar, meli ya mizigo iliyokuwa imetekwa kabla yao. Lynn Rival, iliyoachwa ikielea bila mtu, ilichukuliwa na kurudishwa Uingereza kabla mwaka 2009 haujaisha. Nyumba ilitangulia kufika kwao. Wenye nyumba walifuata baada ya karibu mwaka mzima.