Karatasi Kumi na Moja

Ninazo ndani ya bahasha ya kaki karatasi ndogo kumi na moja, kila moja kiasi cha kiganja, zilizochanwa kutoka katika daftari la mjukuu wangu. Ziliandikwa jioni ya tarehe 5 Februari, 2017, mjini Minneapolis, Marekani, nyumbani kwa mwanangu wa pili, nusu saa hivi kabla ya kuanza fainali ya mpira wa Wamarekani ambayo wenyewe huiita Super Bowl. Mimi si mpenzi wa mchezo ule. Nilikuwa mgeni, baridi ilikuwa imenifungia ndani wiki nzima, na wageni wa mwanangu walipoanza kuingia mmoja mmoja wakipangusa viatu mlangoni, nilifurahi kuona nyuso za watu.

Fainali yenyewe ilichezwa mbali, Houston, kati ya New England Patriots na Atlanta Falcons. Mchezo huo si kandanda tuijuayo. Mpira wake una ncha mbili, hubebwa mikononi na kurushwa, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya kubandika kama askari wa zamani. Kabla ya kuanza, mwanangu alipitisha bakuli. Kila mtu aweke dola 5, aandike mshindi, aandike na alama za mwisho za kila timu, na chini aandike sababu. Hilo la sababu aliliongeza yeye kwa ajili yangu. Alisema, "Baba kesho atasahihisha." Watu wakacheka, lakini wakaandika.

Nami nilisahihisha kweli. Kesho yake wenyeji wangu walikwenda kazini, nikabaki na chai, kalamu nyekundu na zile karatasi. Nilizisoma kama nilivyosoma insha za watoto kwa miaka zaidi ya thelathini, na ninayoandika hapa ni tahakiki yake.

Nianze na karatasi mbovu kuliko zote, nayo ilikuwa yangu. Niliandika: Atlanta 2, New England 1. Sababu: "Jina lao ni la ndege." Mwanangu aliisoma kwa sauti, sebule nzima ikaanguka kicheko, kisha akanieleza kwa upole, "Baba, huku moja hakuna." Mchezaji akiufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho timu hupata alama 6, na baada ya hapo hupewa nafasi ya kuongeza 1 kwa teke au 2 kwa kuupitisha tena. Teke la kawaida kati ya nguzo ni alama 3. Ndiyo maana hesabu za mchezo huu huangukia mara kwa mara kwenye 17, 20, 24, 27, na anayetabiri matokeo hana budi kwanza kujua ni namba zipi zinaweza kuzaliwa. Nilijipa sifuri. Nilitabiri mchezo mwingine, uliokuwa kichwani mwangu tu.

Makosa yangu, hata hivyo, yalikuwa na ndugu zake humo bakulini. Kijana mmoja aliandika Patriots 50, Atlanta 0, na chini, "Kwa sababu ni sisi." Mwingine alitoa ushindi kwa Atlanta, akaeleza kwa mistari mitano jinsi anavyomchukia Tom Brady, yule mrusha mpira wa New England aliyekuwa na miaka 39 wakati huo. Huyu wa pili sikumwonea huruma. Chuki yake ilikuwa imepambwa kwa takwimu, na mwanafunzi anayetumia takwimu kuficha moyo wake humchosha mwalimu kuliko yule anayesema wazi kwamba anapenda. Huyu wa 50 kwa 0 alikosea kwa kila namna, lakini hakunidanganya. Alikuwa akiomba dua, akaiita utabiri.

Jambo hili wachambuzi wa magazeti aghalabu hulidharau. Wao husema mashabiki hawajui kutabiri kwa kuwa wanapenda mno. Mimi nadhani tatizo ni kwamba tumewapa swali lisilo lao. Ukimwuliza mama mwanawe atakuwa nani, atakujibu kwa matumaini yake, na hakuna atakayemwita mjinga. Shabiki naye akiulizwa nani atashinda, husikia kwamba ameulizwa yeye ni wa nani.

Wenzao waliobaki waliandika kwa tahadhari. Karatasi nne zilikuwa na alama zinazokaribiana, tofauti ya 3 au 4, na sababu zake zilikuwa zilezile zilizokuwa zikisemwa kwenye televisheni wiki nzima: Atlanta ndiyo iliyofunga alama nyingi kuliko timu zote msimu ule, 540, New England ndiyo iliyoruhusu chache kuliko zote, 250. Yote mawili ni kweli. Lakini ukweli huohuo mwandishi mmoja aliutumia kumpa ushindi Atlanta, na mwingine, aliyeketi naye kiti kimoja, akautumia kumpa New England. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetaja. Hujaeleza." Nimeandika maneno hayo mara elfu maishani mwangu.

Mchezo ukaanza. Kufikia mapumziko Atlanta walikuwa mbele kwa 21 kwa 3, wakiwa wameudaka mpira wa Brady na kukimbia nao mpaka mstari wa mwisho. Katika robo ya tatu ikawa 28 kwa 3. Hapakuwa na timu yoyote iliyowahi kushinda Super Bowl baada ya kuachwa nyuma kiasi hicho. Sebuleni, yule wa 50 kwa 0 alikuwa kimya, ameukumbatia mto wa kochi. Wawili walivaa makoti wakaaga, maana kesho kulikuwa na kazi alfajiri. Na hapo ndipo nilipolisikia neno lililonifanya niziombe zile karatasi. Mmoja wa wale wanne wa tahadhari, ambaye karatasi yake ilimpa ushindi New England, alijinyoosha akasema, "Mimi nilijua Atlanta wangewaua."

Msomaji anaujua mwisho. New England walipata 9, wakapata 12, wakapata 20, wakasawazisha 28 kwa 28, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Super Bowl muda ukaongezwa. Walishinda kurusha sarafu, wakaanza na mpira, James White akaufikisha mstarini, na kwa kanuni za wakati ule mchezo ukaishia hapohapo: 34 kwa 28. Washambuliaji wa Atlanta hawakuugusa mpira katika muda wa nyongeza. (Kanuni hiyo ya mechi za mtoano ilibadilishwa mwaka 2022, sasa kila upande hupewa nafasi.) Yule bwana wa tahadhari akasimama kwenye kochi akisema alijua tangu mwanzo. Kwa saa moja na nusu alikuwa amejua mambo mawili yanayopingana, na yote mawili aliyajua baada ya kutokea.

Pesa za bakuli zilikwenda kwa muuguzi mmoja, dada wa Kikenya anayefanya kazi na mkwe wangu. Aliandika New England 35, Atlanta 28. Alama moja tu ilimzuia asipate yote sawasawa! Sababu yake: "Nimeota." Nilimpa mbili juu ya kumi, na nadhani angenielewa.

Karatasi niliyoipa tisa ni ya mzee wa jirani, Mmarekani wa rika langu, mstaafu wa reli, aliyekuja na sahani ya mabawa ya kuku na kuketi karibu nami bila maneno mengi. Yeye aliandika Atlanta 30, New England 27. Akakosa mshindi. Lakini sababu yake ilisema hivi, kwa maneno yangu: Atlanta ni wepesi zaidi nao watashinda, isipokuwa New England wakiweza kukaa na mpira muda mrefu, wakiweza hilo, walinzi wa Atlanta watachoka na mwisho watakuwa wakitembea. Na ndivyo ilivyokuwa. New England walicheza mikupuo 93 ya mashambulizi, Atlanta 46 tu, na atakayeitazama tena robo ya nne atawaona walinzi wa Atlanta wameshika viuno, wakihema.

Chuoni, tulipokuwa tukijifunza ualimu, mkufunzi wetu wa hesabu alitukataza kutoa alama kwa jibu peke yake. Jibu laweza kuibwa, laweza kuotwa. Mpe mtoto alama za njia, alisema. Mzee wa reli alikosa jibu akapata njia. Na zaidi ya hapo alifanya jambo ambalo karatasi nyingine kumi hazikulifanya: aliandika mapema ni kitu gani kingemfanya akosee. Utabiri wa namna hiyo hata ukianguka unakuachia kitu mkononi.

Wamarekani wanazo hadithi zao za watabiri wakubwa, nami nilisimuliwa usiku uleule. Mwaka 1969 Joe Namath wa New York Jets, siku tatu kabla ya fainali, aliahidi hadharani kwamba timu yake ingeshinda, wakati Baltimore Colts walipewa nafasi ya kuwazidi kwa zaidi ya alama 15. Jets walishinda 16 kwa 7. Mwaka 2008 Plaxico Burress wa New York Giants alitabiri 23 kwa 17 dhidi ya New England iliyokuwa haijafungwa msimu mzima, Brady akacheka kwamba wao watapata 17 tu. Walipata 14. Giants walipata 17, na bao la ushindi alilidaka Burress mwenyewe, zikiwa zimesalia sekunde 35. Hadithi tamu, lakini naona husimuliwa mahali pasipo pake. Namath na Burress walikuwa uwanjani. Maneno yao yalikuwa ahadi, na ahadi humbana aliyeitoa. Shabiki hana mkono katika jambo lile. Atabiri apendavyo, mpira hausikii.

Kwa sababu hiyo sikuwa na neno kali dhidi ya karatasi zile, hata mbovu zake. Hazikumdhuru mtu. Kamari ni jambo jingine, na tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoziruhusu majimbo kuihalalisha mwaka 2018 imeingia hadi katika simu za watoto wakubwa, kama mikeka ya vijana wetu huku nyumbani. Hilo lahitaji karatasi yake.

Lakini kuna utabiri wa namna ya tatu, ambao mpira wake una masikio, na huo niliuandika mimi.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Katika ripoti za mwisho wa mwaka palikuwa na mstari mmoja wa maoni ya mwalimu mkuu. Kijana mmoja wa darasa la sita alikuwa ameanguka hesabu mihula miwili mfululizo. Nikaandika: "Hana kichwa cha masomo. Darasa la saba hatafaulu." Niliandika ripoti zaidi ya sabini siku ile, kwa haraka, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Januari kijana hakurudi. Baba yake hakujua kusoma. Alimpa ripoti mtu amsomee, akaona hakuna haja ya kununua sare nyingine, akampeleka mwanawe kwa mjomba wake kuchunga. Walimu walipoulizana ofisini yu wapi yule, mimi nilisema, "Nilijua."

Kwa hiyo usiku ule Minneapolis, yule bwana aliposema neno hilo, sikumcheka kama wenzangu. Nilijua lilikotoka. Mimi pia sikuandika sababu. Sikuandika, kama mzee wa reli, "isipokuwa." Na kijana wangu hakuanguka mtihani wa darasa la saba, maana hakuufanya, New England walipokuwa 28 kwa 3 walau hakuna aliyezima taa za uwanja.

Mwanangu hunipigia kila mwaka siku ya fainali, naye hutaka karatasi yangu kabla mchezo haujaanza, namba na sababu, naisoma kwenye simu anaiandika. Sasa namba zangu zinawezekana kuzaliwa. Mwaka 2025 nilisema Kansas City Chiefs 27, Philadelphia Eagles 24. Sababu: Chiefs wameshinda miaka miwili mfululizo na wamezoea mechi ngumu, isipokuwa Eagles wakimzuia mrusha mpira wao asipate nafasi ya kusimama. Ilikwisha 40 kwa 22, Eagles, na mapumziko yalifika Chiefs wakiwa hawana hata alama moja, mrusha mpira wao amekimbizwa kama kuku. Nilijipa tano. Mwanangu alisema ni nyingi, tukabishana mpaka salio lake likakatika.