Njia Irudiyo Nyuma: Uchambuzi wa Magenge ya Robin Hood's Bay

Aendaye kwa miguu katika pwani ya Yorkshire, upande wa kaskazini mashariki wa Uingereza, akishika ukingo wa bahari baina ya bandari ya Whitby na mji wa Scarborough, hufika katika ghuba pana iliyopindika, ambayo pembe yake ya kaskazini imeshikwa na kijiji cha Robin Hood's Bay, na pembe yake ya kusini ni rasi ya Ravenscar, iliyoinuka kadiri ya futi 600 juu ya maji. Wageni aghalabu huja kutazama nyumba za kijiji, zilizobanana katika mtelemko mkali hata paa la huyu likawa sawasawa na kizingiti cha yule, na hadithi za magendo ya chai na mvinyo hazikosi wa kuzisimulia. Mimi nimevutwa na jambo jingine lisilosifiwa sana, nalo ni ile njia ya miguu ipitayo juu ya magenge: imewezaje kudumu, hali ardhi iliyoibeba haidumu? Jawabu nililolipata ni kwamba walioitengeneza hawakutaka kushindana na bahari. Waliipa njia ruhusa ya kurudi nyuma, na ruhusa hiyo imegharimu wino mwingi kuliko saruji.

Yafaa kwanza kulifahamu genge lenyewe. Chini kabisa ni mwamba wa tabaka tabaka, mweusi na mwepesi wa kuvunjika, uliotokana na tope la bahari ya zama za Jurasiki. Na maji yapwapo, mwamba huo huonekana umetandaa mbali kuelekea baharini kwa mistari iliyopinda, kwa kuwa tabaka zake zilikwisha kuvimba kwa nguvu za ardhi kabla ya mawimbi kuzikata juu. Juu ya mwamba huo umelala udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya kila namna, ambao uliletwa na barafu kuu ya zama zilizopita. Basi genge hili lina maadui wawili, si mmoja kama wengi wanavyodhani. Bahari hulila kutoka chini, ikichimba mwamba mpaka sehemu ya juu ikose tegemeo. Na mvua hulipiga kutoka juu, ikizama katika mfinyanzi, ikiujaza uzito, hata siku moja bonge zima la shamba, pamoja na majani yake, likateleza na kuketi chini likiwa bado kijani. Bahari haiwezi kuzuiliwa na fundi wa njia. Mvua yaweza kuongozwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyopanga kazi yake yote.

Wenyeji waliijua mapema hasara ya kupuuza mambo haya. Mwaka 1780 barabara ya kuingilia kijijini, pamoja na nyumba zilizokuwa kandokando yake, iliporomoka baharini, ikabidi kukatwa barabara nyingine upande wa ndani. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1975, ukajengwa ukuta wa zege wenye kimo cha kadiri ya mita 12 ili kuukinga mtaa uliobaki, na ukuta huo umesimama hata leo. Lakini ukuta ni wa nyumba tu. Pande zake mbili, kaskazini na kusini, genge limeachwa na majaliwa yake, na uamuzi huo nauona kuwa wa busara: mahali penye nyumba panapigiwa hesabu ya kujenga, mahali penye majani panapigiwa hesabu ya kuhama, wala si sawa kuzichanganya hesabu hizi mbili.

Baina ya kijiji na Ravenscar ziko njia tatu zinazokwenda karibu sambamba, na mwenye kuzipita zote tatu huwa amesoma namna tatu za kuifikiri ardhi moja. Ya kwanza ni pwani yenyewe, juu ya mwamba ulio wazi maji yakiwa makavu. Hii ndiyo fupi, wala haina mpando mpaka chini ya rasi, lakini sultani wake ni maji: wakati wa bamvua mwamba huanikwa mbali sana, kisha maji hurudi kwa haraka mpaka shinani mwa genge, na aliyechelewa hukuta mbele yake bahari na nyuma yake ukuta wa udongo usiopandika. Ya pili ni ya juu, ifuatayo ukingo. Hii hukatwa na makorongo mawili ya vijito, Boggle Hole na Stoupe Beck, ambayo yamechimba mpaka karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo mwenye kwenda hushuka kwa ngazi, huvuka, hupanda kwa ngazi, kisha hurudia yale yale kabla ya kuanza mpando mrefu wa rasi.

Hapa niseme neno juu ya kanuni mashuhuri ya Mskoti William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892, kwamba mwenda kwa miguu ajiwekee saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, futi 600 za Ravenscar zamdai mtu dakika 18 tu juu ya zile za mwendo wa tambarare. Ila Naismith hakuweka hesabu ya kushuka, na katika korongo la mfinyanzi ulioloa maji kushuka hula wakati sawa na kupanda, pengine kuzidi. Kwa hiyo katika pwani hii naiamini kanuni yake kwa mpando mrefu, siiamini kwa makorongo.

Njia ya tatu ni tuta la reli. Garimoshi la Whitby na Scarborough lilianza kupita hapa mwaka 1885, na likasimamishwa mwaka 1965. Wahandisi wake hawakuweza hata kuwaza kuteremka Boggle Hole, wakaenda ndani, wakizunguka kwa kufuata umbo la vilima, na hata hivyo waliinuka kuelekea Ravenscar kwa futi moja katika kila futi 39, mpando ambao kwa garimoshi ni mkali, hata magurudumu yakateleza juu ya chuma kilicholoa, ila kwa mtu mwenye miguu miwili ni karibu na starehe. Reli ziking'olewa, kilichobaki ni kitandiko cha makaa yaliyokwisha kuungua, nacho sasa ni njia ya watembezi na wapanda baiskeli. Mtu mwenye siku nzima na aende kwa ukingo, arudi kwa tuta, apate kuona malisho ya kondoo na kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, mambo ambayo aliye ukingoni, macho yakiwa baharini, huyapa mgongo.

Sasa yaweza kuulizwa kwa nini njia ya pili ilishika ukingo, hali ukingo ndio wenye hatari. Sababu moja ni ya zamani. Katika sehemu nyingi za pwani ya Uingereza, ukingo ulikanyagwa na walinzi wa pwani, ambao idara yao iliundwa mwaka 1822 ili kupambana na magendo, na mlinzi hana budi kupita mahali anapoweza kuchungulia kila kihori. Ila miguu ya mlinzi haikutosha kumpa raia haki. Sheria ya mwaka 1949, iliyohusu hifadhi za taifa na ruhusa ya watu kuingia mashambani, ndiyo iliyofungua mlango, na hata baada yake ilipasa kila kipande kisicho na haki ya kupita kijadiliwe na mwenye shamba, kimoja kimoja, hata njia iitwayo Cleveland Way, ambayo njia yetu hii ya ukingoni ni sehemu yake, yenye maili 109 kutoka Helmsley mpaka Filey, ikafunguliwa mwaka 1969, yaani miaka 20 baada ya sheria.

Kazi hiyo yote ilikuwa na ila moja kubwa. Kwa desturi ya sheria za Kiingereza, haki ya kupita imefungamana na kipande maalumu cha ardhi, na kipande hicho kikianguka baharini, haki nayo imezama. Haihamii yenyewe katika shamba la jirani. Ndipo sheria ya mwaka 2009, iliyokusudia njia moja ya kuizunguka pwani yote ya Uingereza, ikaleta hila nzuri mno: mstari wa njia waweza kuandikwa kwa kuutaja ukingo wenyewe, na ukingo urudipo nyuma, njia hurudi pamoja nao pasipo shauri jipya. Penye bustani ya mtu au jengo, idara ya Natural England hutafuta mahali pengine kwa mashauriano. Mwenye shamba anaweza kutoa pingamizi njia inapopangwa, lakini halipwi fidia, na hapo naona sheria imemwelemea kidogo, ingawa sioni ni kwa njia gani nyingine mambo yangalikwenda.

Baada ya wino ndipo huja jembe. Ngazi za makorongoni hufanywa kwa magogo yaliyolazwa, nyuma yake pamejazwa kokoto. Kokoto zikichukuliwa na maji, gogo hugeuka kizuizi, watu hulikwepa kando, na ule ukwepaji huchimba mfereji mpya ambao mvua inayofuata huupanua. Kwa hiyo fundi mwema huanza na mifereji ya kuyatoa maji njiani, ndipo afikiri ngazi. Kisha uko uzio. Mkulima huuweka ili kondoo wasianguke, na genge linaporudi, njia hujikuta imebanwa kati ya waya na shimo, ikipungua upana mwaka kwa mwaka. Basi hata sheria ikisema njia imehama, miguu haiwezi kuhama mpaka nguzo za uzio zing'olewe na kupandwa ndani zaidi.

Robin Hood's Bay ina bahati ya kuwa na mwamba chini na tuta la reli nyuma, ambalo laweza kupokea watu kipande cha ukingoni kikifungwa. Kusini zaidi, katika pwani ya Holderness, hakuna mwamba wa kushikilia mfinyanzi, na genge hurudi kwa wastani wa karibu mita 2 kila mwaka. Huko mkulima mmoja, katika umri wake, atauhamisha uzio ule ule mara nyingi.