Mlinzi Aliyetetemeka

Sisi tukaao Gisenyi huamka kila siku mbele ya Ziwa Kivu, na ngano ya Wanyarwanda yaeleza asili ya maji hayo. Mfalme alikuwa vitani, malkia akamwita mlinzi wake. Mlinzi akatetemeka kwa hofu hata asiweze kumwingilia. Uume wake ukawa wagongagonga tu penye kinembe. Hapo malkia akatokwa na maji, yakawa ziwa. Ndivyo ilivyoanza, yasema ngano, desturi iitwayo kunyaza.

Filamu ya Olivier Jourdain, *Sacred Water* (2016), imeitangaza desturi hiyo ng'ambo. Humo Vestine Dusabe, mtangazaji wa redio, anaifundisha bila haya wala ufidhuli, na kwa hilo twaisifu. Lakini jicho la filamu liko kwenye maji ya mwanamke. Je, mlinzi?

Twaona ngano ni pana kuliko filamu. Uume hauna mfupa, wala hausimami kwa amri. Husimama mishipa ya damu inapolegea, damu ikajaa katika nyama zake zilizo kama sifongo. Hofu huikaza mishipa hiyo, na damu ikapungua. Kwa hiyo ashiki ya mwanamume yahitaji utulivu kama ile ya mwanamke. Tena, kichwa cha uume, hasa upande wake wa chini, kina hisi nyingi mno. Kunyaza hukikutanisha na kinembe, hisi kwa hisi. Mlinzi hakuingia, lakini hakushindwa: raha ilipatikana mlangoni.

Kiswahili chetu nacho kina lawama. Twasema "nguvu za kiume", twamcheka ambaye jogoo wake hawiki. Maneno hayo huyageuza mapenzi kuwa mtihani wa misuli, na mume aliyelegea hufunga kinywa mbele ya mkewe na mbele ya daktari. Kumbe kulegea kunakorudiarudia kwaweza kuwa dalili ya kisukari au ya maradhi ya moyo. Kimya hicho chaweza kuua.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Walimu wenzetu, tukiwafundisha watu wazima, tuwape maneno ya kuulizana: wapi pana raha, mwendo upi, lini kutua. Ngano imekwisha kutuonyesha kwamba hata mwenye kutetemeka aweza kujaza ziwa.