Kunong'ona Mara Mbili: Jinsi Elliott Smith Alivyorekodi Roman Candle

Wasikilizaji wa mwimbaji Elliott Smith hawajawahi kukubaliana kuhusu Roman Candle. Albamu hii yake ya kwanza, yenye nyimbo 9 na urefu wa takriban nusu saa, ilitoka Julai 1994 kupitia Cavity Search, lebo ndogo ya mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Wapo wanaoiona kama rasimu: mwimbaji haongezi sauti hata pale wimbo unapomtaka aongeze, kanda inavuma nyuma yake, nyuzi za gitaa zinalia kila vidole vinapohama, na nyimbo nne hazikupewa hata majina. Wapo pia wanaoiweka juu ya kazi zake zote, hata juu ya Either/Or ya 1997 na XO ya 1998. Sababu yao karibu kila mara ni ile ile: hapa yuko peke yake, hana pambo, amewasha mashine akaimba yaliyomjaa moyoni.

Kambi hizi mbili zinagombana huku zimesimama juu ya dhana moja, kwamba huu ni muziki uliorekodiwa bila kuandaliwa. Dhana hiyo siikubali. Vaa vipokea sauti, ufuatilie kila mlio unatokea wapi, na utakutana na kazi ya mtu aliyepanga, akapima, akarudia. Ule ukaribu unaopendwa na mashabiki ulijengwa, tena ulijengwa kwa mashine ile ile ambayo wengine wanailaumu kwa kuiharibu albamu.

Mwishoni mwa 1993 Smith alikuwa na miaka 24 na alikuwa mmoja wa waimbaji wawili wa Heatmiser, bendi ya roki ya kelele iliyokuwa imetoa albamu yake ya kwanza, Dead Air, mwaka huo huo. Magitaa yalikuwa yamekolezwa umeme, ngoma zilipigwa kwa nguvu zote, na mwimbaji hakuwa na njia ila kupaza sauti. Huo ndio uliokuwa muziki wa kaskazini magharibi ya Marekani wakati ule, eneo lililoipa dunia bendi ya Nirvana. Roman Candle ilikwenda njia nyingine: haikurekodiwa studio. Ilirekodiwa katika chumba cha chini ya nyumba mjini Portland, kwa mashine ya kaseti ya njia nne, na Smith mwenyewe akiwa ndiye fundi, mpigaji wa karibu kila ala na mwimbaji.

Mashine hiyo inahitaji maelezo, maana bila kuielewa mjadala wote unabaki hewani. Waliokua na kaseti wanajua kuwa ina upande A na upande B, na kila upande una njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Jumla ni nne. Mashine ya njia nne inazitumia zote kwa pamoja kuelekea upande mmoja, kwa hiyo kaseti haigeuzwi. Nyingi huizungusha kwa kasi maradufu ili sauti itoke safi zaidi, na hapo kaseti ya dakika 60 inabaki na nafasi ya dakika 15 tu. Mwanamuziki anarekodi gitaa kwenye njia ya kwanza, anarudisha kanda nyuma, kisha anajisikiliza masikioni huku akirekodi kitu kingine kwenye njia ya pili, na kuendelea. Njia zikijaa na bado anataka kuongeza, anazichanganya tatu kuzihamishia ya nne, halafu anazitumia upya zile tatu. Lakini kilichochanganywa hakitenganishwi tena. Kama sauti ya pili imezidi gitaa, itazidi milele. Na kila uhamisho unaongeza mvumo wa kanda juu ya mvumo uliokuwepo.

Kifaa cha namna hii hakimpi nafasi mtu asiyejua anachokitaka. Studio kubwa yenye njia 24 inaruhusu kurekodi kila wazo na kuamua baadaye. Njia nne zinadai uamue kwanza. Smith alikuwa akirekodi kwa mashine za aina hii tangu alipokuwa kijana mdogo, na uzoefu huo unasikika katika kubana kwake matumizi. Sehemu kubwa ya albamu ina vitu vinne au pungufu: gitaa, gitaa la pili, sauti, sauti ya pili. Hakuna kitu kilichowekwa kwa kujaza nafasi, kwa sababu nafasi yenyewe haikuwepo.

Sasa tufike kwenye sauti yake, ambako ndiko ubishi wote unakozaliwa.

Smith haimbi kwa kunong'ona kabisa, maana mnong'ono wa kweli hauna noti. Ni hewa tupu. Anaimba kwa nusu sauti, mdomo ukiwa karibu sana na maikrofoni. Maikrofoni za kuelekezwa upande mmoja zina tabia ya kunenepesha sauti nzito kadiri chanzo kinavyosogea, kwa hiyo mtu anayeimba chini, kwa karibu, anapata kifua ambacho hakuwa nacho chumbani. Pamoja na kifua hicho huja pumzi, midomo inavyoachana, ulimi unavyogusa meno. Masikio yetu yanajua kuwa mambo hayo husikika tu mtu akiwa ametuinamia. Ndiyo maana msikilizaji anasema anahisi yuko chumba kimoja na mwimbaji. Hisia hiyo ni halali kabisa, na ina sababu inayoweza kuelezwa kwa vipimo vya umbali.

Mvumo nao unatokana na chanzo hicho hicho. Kanda ina kelele yake isiyobadilika. Anayepaza sauti huifunika bila jitihada, na aliyeamua kuimba chini hulazimika kuinuliwa wakati wa kurekodi na wakati wa kuchanganya, na anapoinuliwa, kelele ya kanda huinuka pamoja naye. Kwa hiyo anayesema "napenda ukaribu wake ila mvumo unaniudhi" anataka vitu viwili ambavyo, kwa zana zile, vilikuja vimefungwa pamoja.

Kisha linakuja jambo ambalo ndilo ushahidi wangu mkubwa. Katika nyimbo nyingi za albamu hii, sauti ile ya chini haiko moja. Ziko mbili. Smith aliimba wimbo, akarudisha kanda, akauimba tena kwa noti zile zile na maneno yale yale juu ya sauti yake ya kwanza. Binadamu hawezi kujirudia sawasawa. Mara ya pili anachelewa kwa chembe ya sekunde hapa, anapanda kidogo mno kule. Sikio linazisikia tofauti hizo kama mtu mmoja mwenye sauti pana kuliko ya kawaida. Mbinu ni ya zamani, na The Beatles, ambao Smith aliwapenda mno, waliitumia sana. Mwimbaji wao John Lennon alichoshwa na kazi ya kuimba kila kitu mara mbili kiasi kwamba mwaka 1966 fundi Ken Townsend wa studio za Abbey Road alibuni njia ya kuifanya kwa mashine.

Wengi huitumia mbinu hiyo kuongeza nguvu. Smith aliitumia kwenye sauti isiyo na nguvu, na hapo ugumu unaongezeka. Anayeimba kwa sauti kubwa ana noti ndefu zinazofunika makosa madogo ya muda. Katika nusu sauti, konsonanti ndizo zinazosikika zaidi. Kila "s" na kila "t" ya mara ya pili lazima ianguke juu ya ile ya kwanza, vinginevyo zinasikika kama mbegu zinazomwagika sakafuni. Pumzi lazima ivutwe mahali pale pale. Maana yake ni kwamba mwimbaji alijua kwa kichwa kila kituo cha kila mstari, na aliweza kukirudia. Nashindwa kuona jinsi mtu anavyoweza kulifanya hilo huku akiwa "amewasha mashine tu".

Wimbo wenye jina la albamu unaonyesha faida yake. Maneno yamejaa hasira, gitaa linakwaruzwa kwa haraka bila kupumzika, na msikilizaji wa roki ya mwaka 1994 angetarajia ukelele utokee kwenye kiitikio. Hautokei. Sauti mbili zinabaki chini, zimebanwa, huku magitaa yakipanda kuzizunguka. Vitisho vinavyosemwa taratibu na watu wawili kwa pamoja vinatisha kuliko vya mtu mmoja anayefoka, na nadhani Smith, aliyekuwa akifoka na Heatmiser jukwaani, alilijua hilo vizuri.

Walioita albamu hii rasimu wana hoja moja ambayo naikubali. Smith alipowapa wenye lebo kanda hiyo, alitarajia labda wangechagua wimbo au nyimbo chache za santuri ndogo. Wao waliichukua nzima. Kwa hiyo mpangilio wa albamu kama albamu haukufikiriwa kwa kina kama ulivyofikiriwa ndani ya kila wimbo, na majina ya "No Name" #1 hadi #4 yanaonyesha mtu ambaye hakuwa akitayarisha bidhaa ya dukani. Last Call, wimbo mrefu kuliko yote hapa, unaomalizikia katika mstari mmoja unaorudiwa na kurudiwa, ungeweza kufunga albamu vizuri sana. Badala yake kinafuata kipande kisicho na maneno, Kiwi Maddog 20/20.

Portland iliipokea albamu kwa uchangamfu uliomshangaza mwenyewe. Nje ya mji huo ilipita bila kelele. Wengi waliifikia kinyumenyume, baada ya filamu Good Will Hunting ya 1997 iliyotumia No Name #3 pamoja na nyimbo zake nyingine, na baada ya Miss Misery, mmojawapo wa nyimbo hizo, kuteuliwa kugombea Oscar mwaka 1998. Smith alifariki Oktoba 2003, na kifo hicho kiliwafanya wengi waisikilize kama barua ya huzuni. Usikilizaji huo unaeleweka, lakini unamnyang'anya ufundi. Unamfanya mgonjwa aliyerekodiwa badala ya fundi aliyerekodi.

Mwaka 2010 lebo ya Kill Rock Stars iliitoa upya albamu hii chini ya usimamizi wa Larry Crane, mwanzilishi wa jarida la Tape Op na rafiki aliyejenga studio ya Jackpot! mjini Portland kwa msaada wa Smith. Nyimbo hazikuchanganywa upya kutoka kanda za awali. Crane alipunguza makali ya milio ya nyuzi na ya zile "s" zinazochoma sikio, akiamini kuwa zinamzuia msikilizaji kuingia ndani. Wasikilizaji wakagawanyika tena: wengine walishukuru, wengine wakasema albamu imelainishwa.

Kwangu mimi, Crane alifanya vyema kwenye "s". Zilizidi kwa sababu ziliimbwa mara mbili mbele ya maikrofoni iliyokaribia mno, na kuzipunguza kunayaacha maneno yapite bila kuondoa kitu alichokipanga Smith. Kuhusu milio ya nyuzi nasita. Katika nyimbo zisizo na ngoma, mkono wa kushoto unapohama kutoka kodi moja (fungu la noti zinazopigwa kwa pamoja) kwenda nyingine, mlio ule unatangaza badiliko nukta moja kabla halijafika. Unamwandaa msikilizaji kwa kodi zile za kupitia, za kushtukiza, ambazo Smith alizipenda sana. Ukiulainisha, kodi inafika bila kupiga hodi. Katika No Name #3, ambako gitaa linabeba karibu wimbo wote, narudi kwenye toleo la 1994. Katika Roman Candle yenyewe, ambako magitaa yanakwaruza mfululizo na sauti mbili zinahitaji kueleweka neno kwa neno, nachukua la 2010.

Na kile kipande cha mwisho kisicho na maneno, ambacho wengi hukiruka, nawasihi wasikiruke. Kina gitaa la umeme na ngoma, na mwimbaji hayupo. Ni mahali pekee katika albamu ambapo pumzi na midomo havimzuii mtu kusikia jinsi mistari ya gitaa inavyopangwa, upi unatangulia, upi unajibu, na upi umeachwa chini ili mwingine upite.