Senti Mbili za Mjane na Jinsi Tunavyozihubiri

Hakuna kamati ya ujenzi katika kanisa letu isiyoifahamu hadithi ya mjane wa senti mbili. Siku ya harambee inapokaribia, mhubiri hana haja ya kupekua Biblia kwa muda mrefu. Anafungua Marko 12:41–44, au Luka 21:1–4, na kazi imekwisha. Tumeihubiri hivyo kwa miaka mingi. Tulifundishwa hivyo na waliotutangulia, na wapo vijana wanaotoka chuoni leo waliotusikia sisi tukiihubiri hivyo, nao wanaendelea. Katika kurasa hizi tunataka kuyapima mahubiri hayo mbele ya andiko lenyewe. Tunaanza na ya kwetu, maana matokeo yake tunayajua.

Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, kuta za kanisa zilikuwa zimesimama misimu miwili ya mvua bila paa. Tukaitisha harambee ya mabati. Tulihubiri juu ya mjane, na tuseme kweli, tulihubiri vizuri. Wengine walifuta machozi. Wakati wa kutoa ulipofika, bibi mmoja, mjane anayelea wajukuu watatu, aliinuka upande wa akina mama, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akaweka mezani noti mbili za shilingi elfu kumi. Vigelegele vikapigwa. Mshereheshaji akaidaka nafasi hiyo papo hapo: “Bibi ametoa, wewe uliyekuja na gari je?” Watu wakacheka, na walioona haya wakatoa. Jioni ile mhazini alituonyesha hesabu akiwa na furaha kubwa, nasi tukamshukuru Mungu.

Mvua za vuli zilipoanza tulikwenda kwenye ibada ya jumuiya katika nyumba ya jirani yake. Mashamba yote ya upande ule wa kilima yalikuwa na maharage yaliyoanza kuchipua, isipokuwa shamba moja. Lilikuwa limelimwa vizuri, lakini halikuwa na kitu. Mwinjilisti ndiye aliyetueleza kwa sauti ya chini kwamba zile elfu ishirini zilikuwa za mbegu. Baada ya ibada tukamwendea bibi, tukampa shikamoo, tukamuuliza kwa nini hakutuambia. Alitutazama kama anayeulizwa jambo lisilo na maana.

“Mchungaji, si wewe uliyesema?”

Hakusema kwa kulaumu. Afadhali angelaumu. Alikuwa amesikia Neno likihubiriwa na mtumishi aliyemwamini, akalitii. Tulirudi nyumbani tukamfungua Marko tena, safari hii bila kutafuta mahubiri.

Lililotushtua ni lile ambalo Yesu hakulisema. Katika Luka 10, baada ya kumweleza mwanasheria habari za Msamaria, alimwagiza aende naye akafanye vivyo hivyo. Kwa mjane hakuna agizo kama hilo. Yesu anawaita wanafunzi, anawaeleza alichokifanya mwanamke huyu kikilinganishwa na walichokifanya matajiri, kisha ananyamaza. Maneno “nanyi toeni kama yeye” ni ya kwetu. Tumeyatamka mara nyingi hata tukadhani tuliyasoma.

Kisha tukatazama mahali hadithi yenyewe ilipokaa. Mistari mitatu kabla ya mjane, Marko 12:38–40, Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi wanaopenda mavazi marefu, salamu za sokoni na viti vya mbele, ambao wanakula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Neno “wajane” halijakauka midomoni mwake, mjane anaingia. Na mara baada ya mjane, mwanzoni mwa sura ya 13, mwanafunzi mmoja anastaajabia mawe makubwa ya hekalu, naye Yesu anamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Ikawa hivyo: Warumi walilibomoa mwaka 70. Jengo ambalo mjane alilitolea riziki yake, Yesu alikwisha kulitazama kama magofu.

Kwa nini hatuoni jambo lililo wazi hivyo? Sababu moja ni ndogo, tena inachekesha. Mgawanyo wa sura haukuwekwa na wainjilisti. Ulikuja katika karne ya 13. Katika Marko, mpaka wa sura umepita kati ya mjane na kubomolewa kwa hekalu. Katika Luka umepita kati ya mjane na waandishi wanaokula nyumba za wajane. Kila Injili imekatwa upande mmoja, na mhubiri mwenye haraka, aliyezoea kusoma kuanzia mwanzo wa sura hadi mwisho wake, anabaki na mjane peke yake na sanduku lake. Lakini sababu kubwa siyo hiyo. Mistari ile mitatu inawahusu wenye mavazi marefu, na sisi tunaoihubiri hadithi hii tumevaa mavazi marefu.

Tuzihesabu hizo senti. Zilikuwa lepta mbili, sarafu ndogo kuliko zote. Dinari moja, ambayo katika mfano wa shamba la mizabibu ni ujira wa kibarua kwa siku, ilikuwa na lepta 128. Basi mjane alitia sehemu moja ya 64 ya ujira wa siku. Kwa kibarua wa leo anayelipwa shilingi 10,000, hiyo ni kama shilingi 156. Hekalu la Herode, lenye mawe yale yaliyomshangaza mwanafunzi, lingefanya nini na shilingi 156? Halikuongezeka kitu. Ila nyumbani kwa mjane kilipungua chote. (Wapo wanaopenda kuhubiri kwamba sarafu za matajiri zilipiga kelele sandukuni na za mjane zikaanguka kimyakimya. Andiko halisemi hivyo. Tumelisema sisi pia, na watu walipenda.)

Mwaka 1982 msomi wa Agano Jipya, Addison Wright, aliandika makala akiuliza kama maneno ya Yesu juu ya mjane ni sifa au ni maombolezo. Jibu lake lilikuwa maombolezo: Yesu alikuwa akimwonyesha mtu aliyefundishwa na viongozi wake wa dini kutoa hata kile ambacho Mungu hakukitaka kwake. Wright anatukumbusha Marko 7, ambapo Yesu anawakemea wanaomwekea Mungu wakfu mali ambayo ilipasa kuwatunza baba na mama. Tulipoisoma hoja hii tuliona shamba tupu la bibi yetu, tukasema: hivi ndivyo.

Lakini hatukuweza kubaki hapo, na aliyetuzuia ni bibi mwenyewe. Tulimwendea tena na elfu ishirini kwenye bahasha, tukitaka kumrudishia. Alikataa kata kata. “Hizo usinirudishie, Mchungaji. Nilimpa Mungu; nyie mlishika kikapu tu. Mbegu ni jambo jingine.”

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa usomaji wa Wright, pamoja na ukweli wake wote. Unamtetea mjane mpaka unamnyang'anya tendo lake. Anabaki mtu wa kuhurumiwa, aliyedanganywa, asiyejua afanyalo. Marko hamwoni hivyo. Neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu inalitafsiri “riziki” ni bios, na neno hilo hubeba pia maana ya maisha. Mwanamke huyu alitia maisha yake sandukuni, na anayemtazama ni mtu ambaye baada ya siku chache atayatoa ya kwake. Yesu aliitambua imani ile kwa kuwa alikuwa akielekea njia hiyo hiyo. Wamakedonia nao, Paulo anasema katika 2 Wakorintho 8, walikuwa fukara sana, wakaomba kwa bidii wasinyimwe nafasi ya kutoa. Kumwambia maskini, “Wewe acha, utoaji si wako,” ni dharau nyingine iliyovaa huruma.

Kwa hiyo tunasimama mahali pagumu kidogo. Kutoa kwa mjane kulikuwa kwema. Kupokea kwa hekalu kulikuwa kubaya. Hadithi ni moja, na mahubiri yetu yameishika nusu ya kwanza tu kwa sababu ndiyo inayoleta mabati. Swali ambalo hatujawahi kulisikia likiulizwa kwenye mimbari siku ya harambee ni hili: yule mjane alikula nini jioni ile?

Wengi hujibu kwa mjane mwingine, yule wa Sarepta katika 1 Wafalme 17, aliyempa Eliya mkate wake wa mwisho na unga usiishe. Toa, wanasema, nawe utaona pipa halipungui. Tusome vizuri. Eliya alikuwa na njaa kweli. Mabati hayana njaa. Tena Eliya hakuchukua mkate akaondoka. Alikaa katika nyumba ile, akala kutoka pipa lile lile, na mtoto wa mjane alipokufa ni Eliya aliyempandisha chumbani kwake na kumlilia Mungu. Mhubiri anayetaka kuitumia ahadi ya pipa la unga, kwanza aulize kama yuko tayari kulala Sarepta.

Sisi Walutheri hatuna udhuru wa kutojua haya, maana kanisa letu lilizaliwa katika ugomvi wa namna hii hii. Hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 tunazitaja kila Oktoba 31, lakini wachache wamezisoma. Fedha za vyeti vya msamaha zilikuwa zikikusanywa kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Nao ulikuwa ujenzi. Katika hoja ya 46 Luther anafundisha kwamba asiye na ziada anapaswa kuweka kwanza mahitaji ya nyumba yake. Katika hoja ya 50 anathubutu kudai kwamba Papa, kama angejua jinsi fedha zinavyotafutwa, angeona heri kanisa lile liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi na mifupa ya kondoo wake. Tungeyasoma maneno hayo asubuhi ya harambee yetu, sijui kama kamati ingetuachia mimbari.

Miaka sita baadaye, 1523, Wakristo wa mji mdogo wa Leisnig, katika Saxony, waliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia utangulizi. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake ziligawanywa: kwa wakuu wenye cheo, kwa baraza la mji, kwa wenyeji wa mji na kwa wakulima wa vijijini. Wasimamizi walikuwa kumi, wakichaguliwa kila mwaka, watatu kati yao wakulima. Sanduku lililipa mchungaji na walimu, lilitengeneza majengo, na liliwatunza wazee, yatima na maskini wa nyumbani. Mpango haukwenda salama. Baraza la mji lilikataa kuachia mali, na Luther alilalamika sana. Lakini tulitazame lile wazo la funguo: sanduku halifunguki mpaka mkulima awepo. Katika vikao vyetu vya fedha, mwenye shamba lisilo na mbegu ana ufunguo gani?

Na kabla ya Leisnig ilikuwapo Torati. Bahasha za fungu la kumi tunazigawa kila mwaka, na Malaki 3 tunamsoma kwa sauti kubwa. Kumbukumbu la Torati 14:28–29 hatuisomi. Huko fungu la kumi la mwaka wa tatu linawekwa malangoni ili Mlawi ale, na pamoja naye mgeni, yatima na mjane, mpaka washibe. Mjane yumo kati ya wanaokula zaka.

Tulilipeleka jambo hili kwenye Baraza la Wazee. Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja, mtu mwema aliyejitolea sana kwa ujenzi ule, alisema: “Tukianza na huyu, kesho watakuja wote.” Mama mmoja, mzee wa kanisa wa mtaa wa chini, akamuuliza: “Wote ni kina nani? Tuwaandike.” Tukaandika, mtaa kwa mtaa, jumuiya kwa jumuiya: wajane wasio na mtoto wa kuwasaidia, na wagonjwa wasio na mtu. Yalikuwa majina 11. Yalienea kwenye ukurasa mmoja wa daftari na nafasi ikabaki. Miaka yote tuliogopa umati ambao haukuwapo.

Ilikubaliwa sehemu ya sadaka ya kila mwezi iende huko, na jumuiya zifuatilie kwa mikono yao: kulima, kuteka maji, kupeleka mgonjwa zahanati. Wapo ambao hawakupendezwa. Mabati ya upande wa kaskazini yalichelewa miezi minne, na mvua iliingia juu ya viti vya kwaya, nao walitukumbusha kila Jumapili. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekwisha kumpelekea bibi mbegu kabla ya kikao chetu kuisha. Alipanda kwa kuchelewa, na mavuno yake yalikuwa haba kuliko ya majirani.

Mwaka uliofuata tulihubiri andiko hili tena, siku ya kutafuta fedha za madirisha. Tulianzia mstari wa 38, na tulimwomba mshereheshaji siku hiyo asishike kipaza sauti.