"Makazi Tegemezi" au "Makazi Saidizi"? Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya afya ni jina la nyumba ambamo mtu anayeishi na saikosisi, yaani hali inayoweza kumfanya asikie sauti wasizozisikia wengine, hukaa katikati ya jamii huku akisaidiwa kutumia dawa, kufanya kazi na kuishi na majirani. Wapo waziitao nyumba hizo "makazi tegemezi". Kwa maoni yetu, istilahi hiyo haifai.

Kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba kishazi tegemezi hakiwezi kusimama peke yake. "Tegemezi" ni sifa ya kinachotegemea, wala si ya kinachotegemewa. Hivyo nyumba iliyokusudiwa kumtegemeza mkazi yageuzwa kuwa nyumba ya watu walio mzigo. Kosa hili si la sarufi tu. Serikali ya kijiji huko Liuli au Mbamba Bay ikiombwa kiwanja cha "makazi tegemezi", haina budi kuuliza mzigo huo utabebwa na nani. Na huenda ombi likaishia hapo.

Majina mengine yameshachukuliwa. "Nyumba salama", mkoani Mara, ni kimbilio la wasichana wanaoukimbia ukeketaji. "Nyumba za upataji nafuu" ni za waraibu wa dawa za kulevya. "Urekebishaji" nao wakumbusha gereza.

Tunao pia urithi wetu wenyewe. Katika enzi ya Ujamaa palianzishwa vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kama kile cha Hombolo, Dodoma, mkoa uleule wenye Hospitali ya Mirembe. Humo wagonjwa walilima, na baadhi yao waliishi pamoja na jamaa zao. Neno "kijiji" lilichaguliwa vema, kwani lina kaya, mashamba na ujirani ndani yake. Lakini "kijiji cha wagonjwa wa akili" liliwaingiza hata jamaa wazima katika ugonjwa.

Twapendekeza "makazi saidizi ya jamii". Neno "saidizi" si geni: fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu huitwa vifaa saidizi, na kitenzi kisaidizi hukisaidia kitenzi kikuu bila kukinyang'anya nafasi yake. Aishiye humo aitwe "mkazi". "Mgonjwa" libaki kuwa neno la wodini.

Na tuipime istilahi hii mahali itakapotumika. Mtu alimaye ngoro katika milima ya Mbinga, au aanikaye dagaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huenda akahitaji mwenzi wa kumkumbusha dawa na wa kumsindikiza kliniki. Huyo ana msaidizi, hakuwa tegemezi. Wafasiri wa nyaraka za wilaya za Mbinga na Nyasa wasimwandike kinyume cha hali yake, kwa kuwa jina lililokwisha kuandikwa katika faili la serikali ni gumu kufutika.