Adabu ya Kufungua Klachi

Katika sanaa za mitambo, kufunga aghalabu hupewa sifa kubwa kuliko kufungua, kwa sababu macho ya watu hupendezwa na chombo kilichokamilika. Walakini mtu aliyepata kumtazama mwendeshaji wa bodaboda wa Eldoret akiitoa klachi ya pikipiki yake mwenyewe, uani kwake Langas au Huruma, siku aliyopumzika, hatakawia kukiri kwamba kufungua bila kujeruhi ni elimu kamili, yenye taratibu na staha zake.

Mji huu, uliotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, umekaa juu ya nyanda za Uasin Gishu, mita zipatazo 2,100 kutoka usawa wa bahari. Na tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, riziki ya vijana wengi imekuwa juu ya magurudumu mawili. Gunia la mahindi pamoja na abiria, matope ya msimu wa mvua, na mpando mrefu wa Tambach utokao bonde la Kerio kwenda Iten, yote hayo hesabu yake huandikwa katika klachi, mpaka siku injini inapolia kwa sauti kuu na mwendo usiongezeke, ndipo mwenye chombo ajue kuwa pleti zimekwisha.

Kazi huanza kwa kumwaga oili ingali na uvuguvugu, kulegeza waya wa klachi, kisha kufungua bolti za kifuniko cha ubavu wa kulia. Bolti hizo aghalabu hazilingani urefu, na ndefu ikishindiliwa katika tundu la fupi huweza kupasua alumini. Kwa hiyo mwenye hadhari hukata kipande cha katoni, akachora juu yake umbo la kifuniko, akachomeka kila bolti mahali ilipotoka. Kifuniko kikigoma hakichokonolewi kwa bisibisi, maana kilichokishika ni gasketi, na mkwaruzo mmoja katika uso wa kifuniko ni mvujo wa oili wa siku zote. Hugongwagongwa pole kwa nyundo ya mpira hata kikaachia.

Ndani huonekana bolti za springi, nazo hulegezwa kwa msalaba, kidogo hapa na kidogo upande wa pili, ili bamba linalozikandamiza pleti litoke sawasawa, lisije likaenda upande na kuvunja nguzo zake. Kisha pleti hutolewa moja baada ya moja, ya msuguano ikifuatwa na ya chuma, na kulazwa juu ya gazeti kwa mpango uleule. Pleti ya chuma iliyoungua hugeuka rangi ya buluu. Huwekwa juu ya kioo cha dirisha, na ikicheza, imepinda, haifai tena. Zile mpya za msuguano hulowekwa kwanza katika oili, tena oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwani baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi haina kazi pasipo msuguano.

Adabu hii haina kwao mahali pamoja tu. Katika nchi za theluji, ambako watu hupanda kile chombo cha mkanda na mbao za kuteleza ambacho kampuni ya Joseph-Armand Bombardier wa Quebec ilianza kukiuza kwa jina la Ski-Doo mwaka 1959, wenye vyombo nao hufungua klachi majumbani. Klachi ile hukaa juu ya ncha ya mhimili iliyochongoka, imeng'ang'ana nayo kabisa, wala haitolewi kwa nyundo. Huingizwa bolti ndefu maalumu, ikakazwa taratibu, mpaka klachi iachie kwa kishindo.

Adabu hii ya kufungua nayo ina mipaka yake. Nati ya katikati, iliyoshika kitovu cha klachi ya pikipiki, hudai kifaa maalumu cha kukizuia kisizunguke. Na asiyekuwa nacho, akaiendea kwa patasi, huharibu alichokuja kutengeneza. Mwenye busara huishia kwenye pleti, na lililobaki akampelekea fundi wa gereji bila kuona haya, madhali kujua pa kukomea ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Ijapokuwa wengi huifanya kazi hii kwa ajili ya kuokoa fedha, faida yake kubwa huingia mkononi. Mtu aliyeziona kwa macho yake pleti alizoziunguza mwenyewe hapandi tena Tambach akiwa ameishika klachi nusu. Hushusha gia mapema, huachia mkono wote, na huukataa mzigo uliozidi kiasi. Na abiria aliyeketi nyuma yake, asiyejua pleti wala springi, hufaidi elimu hiyo kwa nauli ileile.